Mwiteni Seremala Kabla Nyundo ya Kwanza Haijagonga Ukuta

Shikamooni wazee wangu. Mama zangu, kaka na dada zangu, na nyinyi mafundi wenzangu mliofunga karakana mapema mkaja kukaa nasi, habari za mchana.

Nimeombwa nizungumzie kazi ya useremala katika ukarabati wa nyumba: makabati ya jikoni, makabati ya nguo ya ukutani, milango, rafu, yale yote ambayo mtu huyatengenezesha kwa kipimo cha nyumba yake badala ya kuyanunua dukani yakiwa tayari. Wengi mliopo hapa mna nyumba za zamani mnazotaka kuzifufua. Wengine mmerithi nyumba ya baba Magomeni, Ilala au Temeke. Wengine mna fleti Upanga ambayo jiko lake lilijengwa wakati mtu mmoja tu ndiye aliyetarajiwa kuingia humo. Nimekuja na rai moja, na yote nitakayosema yanaizunguka hiyo: seremala aitwe mwanzo, ukuta ukiwa bado haujaguswa.

Mnajua utaratibu wetu ulivyo. Mtu akiamua kukarabati anamwita mwashi, na mwashi anabomoa. Anafuata fundi bomba, anafuata fundi umeme, kisha wa dari, wa vigae, wa rangi. Mwisho kabisa, rangi ikiwa bado inanukia na akiba imeshakauka, ndipo anapokumbukwa seremala. Anaingia na futi yake, anapima, anaguna. Soketi imewekwa pale ambapo kabati lingesimama. Bomba la maji limetokeza mahali ambapo droo zingekaa. Dirisha la jikoni limeshuka kiasi kwamba kaunta ikipita itaziba kioo. Mlango wa chumbani unafungukia upande uleule ambao kabati la nguo lingeegemea. Hapo hata fundi hodari atakata kona, atatoboa mgongo wa kabati ili soketi ichungulie, atapunguza kina cha rafu, na kazi itakapoonekana ya kubabaisha lawama zitakuwa zake. Mimi nasema lawama ile haikuwa haki yake. Nyumba ilipangwa bila yeye.

Wazee wetu wa pwani hawakuwa na utaratibu huu. Nendeni Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, au mji wa kale wa Lamu uliofuata mwaka 2001. Husimuliwa kwamba katika nyumba kubwa za kule, mlango wa kuchonga ndio uliosimamishwa kwanza pamoja na fremu yake, na mwashi akajenga ukuta kuufuata. Ukiitazama kazi yenyewe unasadiki. Miimo imeshikwa na ukuta pande zote mbili bila pengo, kizingiti cha juu kimebeba uzito wake, mfaa umesimama katikati ya mbao mbili za mlango umenyooka kama siku ulipowekwa. Mlango ule haukutafutiwa nafasi baada ya nyumba kwisha. Nyumba ndiyo iliyojipanga kuuzunguka.

Tazameni na ndani. Dari za nyumba zile zilibebwa na boriti za mikoko, na boriti ya mkoko ina mwisho wa urefu inaoweza kubeba bila kupinda. Kwa hiyo vyumba vingi vina upana usiofika mita 3, lakini ni virefu. Ukikiletea chumba kama hicho kabati la duka la kisasa, njia ya kupita inakwisha. Wenyewe walifanya nini? Walizipeleka rafu ndani ya ukuta. Zidaka za Lamu, zile safu za vishubaka vilivyochongwa kwenye lipu ya chokaa, ziliwekewa vyombo vya kaure na vitu vya thamani, na hazikuchukua hata hatua moja ya sakafu. Mtu aliyechora zidaka zile aliijua nyumba, alivijua vyombo, na alimjua mwenye nyumba. Hiyo ndiyo kazi ya kupimia nyumba, na tumekuwa nayo kwa karne nyingi kabla ya katalogi yoyote kutufikia.

Sasa turudi kwenye nyumba zenu, tuanze na hesabu, maana wapo watakaosema haya ni mapenzi ya fundi kwa kazi yake. Chukueni chumba cha kulala chenye ukuta mfupi wa mita 2.4 na dari ya mita 2.7. Unakwenda dukani unanunua kabati zuri la upana wa mita 1.8, kimo mita 2, kina sentimita 60. Umepata mita za ujazo 2.16. Ukuta uleule ukijazwa kwa kabati la kupimiwa, kutoka kona hadi kona na kutoka sakafu hadi dari, kwa kina kilekile, unapata karibu mita za ujazo 3.9. Kabati la dukani limekunyima asilimia 44 ya nafasi ambayo tayari ni yako, umeilipia kwenye kiwanja, kwenye tofali na kwenye bati. Na nafasi hiyo haikai tupu. Juu ya kabati zinapangwa sanduku za safari, maboksi ya viatu na feni iliyoharibika, vumbi linashuka, panya anapata makazi. Pembeni panabaki kichochoro ambacho ufagio haupiti.

Kina hicho cha sentimita 60, kwa wale wanaotaka kujua, kinatokana na henga. Henga ya koti ina upana wa karibu sentimita 45, ongeza bega la nguo na unene wa mlango. Seremala akikupunguzia hadi 50 ili asigongane na swichi iliyowekwa vibaya, milango itabana mikono ya mashati yako miaka yote. Sentimita 10 tu, lakini zilipaswa kujulikana kabla fundi umeme hajachimba ukuta.

Jikoni ndiko ninakotaka tukae zaidi, kwa sababu jiko la Kitanzania linahama. Nyumba ya Kiswahili mnaijua: korido katikati, vyumba huku na huku, uani nyuma, na uani ndiko kulikuwa na jiko, choo na kamba za kuanikia nguo. Leo wenye nyumba wanachukua chumba kimoja cha nyuma wanakifanya jiko la ndani. Kuna Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, wenye lengo la kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ifikapo 2034. Maana yake mitungi ya gesi inaingia kwenye nyumba ambazo hazikuchorwa kwa ajili ya gesi, na mtu wa kwanza anayeulizwa mtungi ukae wapi ni seremala.

Naomba hapa mnisikilize vizuri. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi kama moshi. Inashuka, inatambaa sakafuni, inajikusanya mahali pa chini palipozibwa. Kwa hiyo kabati la kuficha mtungi lililofungwa pande zote, zuri, lenye mlango unaobana sawasawa, ni kabati la hatari. Mtungi ukae nje ya ukuta kwenye kizimba chake na bomba liingie ndani. Huo ndio mpango bora, na huo unahitaji tundu la ukutani litobolewe kabla ya vigae. Ikishindikana, kabati la mtungi liwe na matundu ya chini kabisa, usawa wa sakafu, yanayotoa hewa nje ya nyumba. Matundu ya juu peke yake hayasaidii. Na mtungi wa kilo 15 upimwe ukiwa na regulita yake juu, kwa sababu nimeona milango mingi ya makabati isiyofunga kwa sababu ya regulita.

Halafu vyombo. Makabati mengi yanayoigwa kutoka kwenye picha za simu yamechorwa kwa jiko la watu wanaopika vyakula vingine. Yana nafasi ya sahani 12, bilauri na mashine ya kahawa. Mbuzi ya kukunia nazi iko wapi? Kinu na mchi? Sufuria ya pilau ya Idi na ya harusi, yenye mdomo wa sentimita 60, italala wapi miezi yote ambayo haipikiwi? Gunia la mchele la kilo 25, ndoo za maji za siku ambazo bomba halitoi, jiko la mkaa la akiba kwa ajili ya maharage na makande? Mama anayehamia kwenye jiko jipya la kifahari anarudisha vitu hivi uani, kimoja kimoja, na baada ya muda unakuta anapikia uani tena. Jiko la ndani limebaki la kupigia chai na kuwaonesha wageni.

Fundi anayejua kazi anaanza kwa kuomba vyombo vitolewe nje vyote. Anavipima. Rafu ya chini ya kubebea mchele na unga anaifanya ya mbao nene yenye mhimili katikati, maana ubao mwembamba wa chipubodi, ule wa chembe za mbao zilizogandishwa kwa gundi, ukibebeshwa gunia kwa upana wa sentimita 90 utapinda tu. Mbuzi anaitengenezea pango lake karibu na mlango wa uani, kwa sababu kukuna nazi ni kazi ya kukaa na ya kumwaga machicha. Chini ya kaunta anaacha sehemu wazi isiyo na mlango kwa ajili ya ndoo, yenye sakafu ya vigae inayoinama kidogo kuelekea kwenye bomba la kutolea maji. Haya hayapo kwenye katalogi yoyote, na gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na granaiti inayowekwa juu.

Kimo cha kaunta nacho. Viwanda vingi vimezoea sentimita 90, kwa sababu kiwanda hakimjui mpishi. Lakini kaunta ya kukatia mboga inataka kuwa chini ya kiwiko kwa sentimita 10 hadi 15. Mama wa kimo cha mita 1.5 kiwiko chake kiko karibu sentimita 95 kutoka sakafuni, kwa hiyo kaunta yake halali ni 80 hadi 85. Akiwekewa 90 atapandisha mabega kila siku ya maisha yake, na jioni atalalamika shingo bila kujua sababu. Kijana wa mita 1.8 naye kwenye kaunta hiyohiyo atainama. Na mahali pa kukandia unga wa chapati panatakiwa pawe chini zaidi, ili uzito wa mwili ndio ukande, mikono isichoke. Katika nyumba mbili nilizofanyia kazi tuliweka kaunta za vimo viwili, moja ya kukatia na moja fupi ya kukandia, na sijawahi kupokea shukrani nyingi kama zile kwa jambo lililogharimu kidogo kiasi kile. Vitu hivi ni kama nguo ya kushonesha: ukishaizoea huwezi kurudi kwenye ya kubahatisha.

Sasa mbao zenyewe. Hapa Dar es Salaam mtu akisema mbao ngumu anamaanisha mninga, mkongo, mvule, mkangazi, na siku hizi mtiki. Laini ni misindano, mingi kutoka Sao Hill kule Mufindi, shamba kubwa kuliko yote ya miti ya Serikali. Kila moja ina kazi yake. Mninga nausifu kwa tabia moja juu ya uzuri wa rangi yake: ukishakauka, hausumbui. Haujikunji ovyo wala haupasuki kirahisi, na kiini chake mchwa haukipendi. Mvule ni hivyo kwa mchwa. Lakini nasisitiza kiini. Ile sehemu nyeupe ya nje ya gogo, hata ya mninga, ni chakula cha bungua, wale wadudu wanaotoboa mbao, na muuzaji asiye mwaminifu ataipaka rangi ya vanishi ifanane na kiini. Mkague kabla ya kupaka.

Mbao ni kitu kinachopumua. Inavuta unyevu wa hewa na kuutoa, na inapofanya hivyo inatanuka na kusinyaa kwa mapana, kwa urefu karibu haibadiliki kabisa. Fundi aliyefunzwa anajenga akilijua hilo. Ndiyo maana mlango wa paneli unatengenezwa kwa fremu yenye mfereji, na paneli inakaa ndani ya mfereji bila gundi, ili icheze. Ukiona mlango wa kabati umepasuka katikati, mara nyingi kuna mtu aliyeibana paneli kwa gundi na misumari akidhani anaiimarisha. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa kasi mwaka 2016, familia nyingi zimepakia samani zao hapa pwani zikazipeleka kule, na wakati wa kiangazi zikaanza kulia usiku na kufunguka viungo. Mbao iliyokuwa imezoea hewa nzito ya bahari imefika kwenye hewa kavu ya katikati ya nchi. Samani za Dodoma zitengenezwe kwa mbao zilizokaushwa kwa hewa ya Dodoma. Unapoongea na fundi wako muulize mbao imekauka kwa muda gani na ilipangwa vipi, iliachiwa nafasi za hewa katikati au ilirundikwa. Fundi mzuri atafurahi umeuliza.

Wapo watakaoniuliza kuhusu MDF, zile mbao za unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi, na chipubodi na aluminiamu. Sitazibeza. MDF inapakwa rangi vizuri sana, imenyooka, haichezi na unyevu wa hewa kama mbao, na kwa milango ya kabati la nguo chumbani inafaa. Adui yake ni maji ya kumwagika. Ikinywa maji inavimba, na ikivimba hairudi. Chipubodi ina tatizo jingine: skrubu ikishang'oka mara moja, tundu lile halishiki tena, ndiyo maana bawaba za makabati ya bei nafuu zinaning'inia baada ya mwaka. Makabati ya aluminiamu yaliyojaa mjini siku hizi hayaogopi maji wala mchwa, na chini ya sinki nayapendekeza mwenyewe. Mimi nataka tu kila kitu kikae mahali pake, na huyo anayejua mahali pake ni seremala aliyekuja akaiona nyumba: upande upi mvua inapiga, ukuta upi una unyevu, wapi mchwa umeshapita. Kiwanda hakiwezi kukuambia hayo.

Makabati ya chini yasikae moja kwa moja sakafuni. Yainuliwe sentimita 10 kwa miguu au kwa kitako cha zege chenye vigae. Maji ya kudeki yatapita chini, na mchwa akija ataonekana njia yake kabla hajafika. Wengi wenu mmezoea kumwaga slabu ya zege kwa kaunta nzima, kisha kuweka milango ya mbao mbele. Inadumu, sikatai, lakini imeganda milele. Siku mtoto atakapokuja na familia yake na kutaka jiko la namna nyingine, ni nyundo tena.

Jambo ambalo linaniumiza moyo zaidi katika ukarabati wa mji huu ni milango inayotupwa. Nyumba nyingi zilizojengwa miaka ya 1950 na 1960 zina milango, fremu na madirisha ya mvule na mninga wa kiini pekee, mbao pana ambazo leo huzipati hata ukiwa na fedha. Zimekauka miaka 60, si rahisi kupinda tena. Mwenye nyumba anazing'oa, anazitoa kwa bei ya kuni au anawaachia vibarua, kisha ananunua milango mipya iliyobanwa kwa karatasi na maboksi katikati, yenye ngozi ya rangi ya mbao juu. Mvua mbili tu ngozi inabanduka. Mkiwa na mlango wa namna hiyo nyumbani, hata kama umepakwa rangi ya mafuta tabaka kumi na umechakaa chini, usiuze. Mwite fundi aukwangue kwa msasa mpaka kiini kionekane. Sehemu iliyooza ikatwe, iunganishwe kipande kipya kwa ulimi unaoingia kwenye tundu, na mlango unarudi. Ikishindikana kuwa mlango, ubao wake utakuwa uso wa meza, mbele ya droo, rafu ya sebuleni. Mninga unahitaji miongo mingi msituni kabla haujafaa kupasuliwa mbao. Mtu aliyeupanda, kama yupo, hatauvuna yeye. Mlango wa zamani ukiokolewa nyumbani, kuna mti mmoja Tabora au Katavi ambao hauna haja ya kuanguka mwaka huu.

Na mnaponunua mpya, ulizeni karatasi. Mbao halali inasafiri na hati ya mazao ya misitu, na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS, ndiye mwenye mamlaka. Mtiki wa kupandwa, kama wa Longuza kule Muheza au wa bonde la Kilombero, ni mbao nzuri ya jikoni, ina mafuta yake ya asili yanayokinza maji, na haitoki kwenye miombo yetu inayopungua. Ningependa kuona mtiki ukizoeleka zaidi kwenye nyumba zetu wenyewe, badala ya kuusikia tu kama mbao ya kupeleka nje.

Mafundi wenzangu, na kwenu nina neno. Tukitaka kuitwa mwanzo, tuwe watu wa kuitwa mwanzo. Mteja anayekupa kazi kabla ya mwashi anahitaji mchoro. Hata wa penseli, lakini wenye vipimo, wenye alama ya kila soketi, kila bomba, kila mlango unafungukia wapi, ili mwashi na fundi umeme waufuate. Asiyeweza kuchora ajifunze. VETA, vyuo vya ufundi stadi, wanafundisha, na vijana wetu wengi wa karakana za Keko wanajua kutumia simu kuliko sisi. Tupime kuta kwa timazi na pimamaji, kwa sababu nyumba za zamani hazina kona ya nyuzi 90, na kabati lililokatwa kwa kuamini kona ni sawa litaacha pengo la vidole vitatu juu. Halafu ahadi. Jina letu limeharibiwa na Ijumaa zisizofika. Mtu anaambiwa Ijumaa, anaambiwa Ijumaa nyingine, advansi yake imeshanunua mbao za mteja wa pili. Mteja asiyeamini kwamba fundi atarudi hatamwita mapema. Tuseme tarehe tunayoiweza, na gundi ikihitaji siku mbili kukauka tuziseme siku mbili hizo. Na tuvae barakoa tunapopiga msasa. Vumbi la mvule linachoma mapafu, na wazee wetu wengi wa karakana wanakohoa kwa sababu hiyo.

Wateja nanyi, fedha mpange hivi. Msitoe zote mwanzo. Nunueni mbao na vifaa pamoja na fundi, mkiziona, mkizishika, kisha ufundi ulipwe kwa hatua: kiasi akianza, kiasi fremu zikisimama, salio baada ya kufungua na kufunga kila droo na kila mlango. Andikianeni, hata kwenye ukurasa mmoja wa daftari, aina ya mbao, aina ya bawaba na reli za droo, rangi, tarehe. Msibane bei kwenye bawaba na reli. Ndivyo vitu vinavyosogea kila siku, na kabati la mninga lenye bawaba dhaifu ni kabati bovu. Na mkikubaliana bei, msimwombe apunguze tena katikati ya kazi, kwa sababu atapunguza, na atapunguzia pale msipopaona.

Kama mna mpango wa kuanza kubomoa mwezi ujao, au hata wiki ijayo, nawaomba msubiri siku moja. Seremala aje na futi yake, akae na mama wa nyumba jikoni, vyombo vitolewe, aambiwe nani anapika, nani ana magoti mabovu, watoto watakua lini. Baada ya hapo mwashi aingie.

Pale mezani nimeweka vipande vya mninga, mvule, mtiki na msindano, na ndani ya ndoo kuna kipande cha chipubodi kilicholala kwenye maji tangu jana, pamoja na kile cha mtiki kilicholala nacho. Vichukueni, vishikeni, mvilinganishe wenyewe. Mwenye picha ya jiko lake kwenye simu aje nayo tuiangalie pamoja. Karibuni maswali.